Kiboko Aliyekula Sharti la Bima

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa ghala la kijiji, na tumbo lililolizidi ghala.

Kila mavuno wanyama wa bondeni walichanga mtama, ukaingia ghalani. Hiyo ndiyo ilikuwa bima yao: shamba lako likisombwa na mto, unakula cha ghala. Sharti lilikuwa moja, tena zuri: kila mkulima aache majani ukingoni yazuie udongo. Asiyeyaacha hana bima. Msimamizi alikuwa Kiboko, na kilichosalia ghalani kilikuwa chake.

Mwaka huo mto ukaja, gubu gubu gubu, ukabeba mtama wa Bi Fuko, mjane mwenye watoto wadogo. Akaenda ghalani.

Kiboko akamuuliza, "Majani yapo?"

"Hayapo, Mheshimiwa. Niliyaacha, yakaliwa. Aliyeyala ana nyayo pana kama sinia."

"Sharti haliulizi nani kala, mama. Linauliza yapo au hayapo. Hayapo, basi na bima haipo."

Akaja Nungunungu. Hayapo, haipo. Akaja Digidigi. Hayapo, haipo.

Bi Fuko alirudi nyumbani mikono mitupu. Sharti halikumuuma, alilikubali yeye mwenyewe mkutanoni. Kilichomuuma ni ule unyasi wa ukingoni uliokwama kwenye jino la msimamizi. Msimu mzima wanawe walitafuna mizizi.

Mvua zilipokaribia tena, Bi Fuko akaingia chini ya ardhi. Kwaru, kwaru, kwaru. Shamba lake na la Kiboko yalitengwa na masale, ile mimea ya mpakani. Akayang'oa kwa chini, akayapanda upande wa pili wa shamba la Kiboko, anakoingilia mwenyewe. Kisha akapita akijisifu kwa sauti kwamba mwaka huu majani yake yamenona.

Alfajiri, ukungu umetanda, Kiboko akaja. Akapapasa masale, akadhani amefika kwa Bi Fuko, akavuka, akala. Nyafu, nyafu, nyafu. Shamba lake lilikuwa kubwa mno. Alishiba kabla hajafika kwa Bi Fuko. Alipoondoka, masale yakarudi mahali pake.

Mto ukaja, gubu gubu gubu. Ukapita palipokuwa peupe. Mtama wa Bi Fuko ukasimama, wa Kiboko ukaenda.

Kiboko akaita mkutano adai bima. Wanyama wakatazama ukingo wake. Mtupu.

"Masale yalihamishwa," akafoka. "Mimi nilijua nakula ya Bi Fuko."

Digidigi akamtazama Nungunungu. Bi Fuko akasogea mbele, taratibu, akamwambia, "Sharti haliulizi nani kala, baba. Majani yapo?"

Mkutano ukajibu, "Hayapo."

"Basi na bima haipo."

Hadithi hii, watoto, yafundisha kwamba msimamizi hakosei kamwe, na kuhamisha masale ni kosa baya sana. Jirani yako mkubwa akija kula, mwache ale kwa amani. Ila mwelekeze vizuri pa kuanzia.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Anayetaka kuendelea, mbele ni mto.