Kiboko na Lango Lililowajua Wenyewe

Paukwa.
Pakawa bwawa.
Bwawa la nani?
La mwenye tumbo.
Tuliingie?
Tuliingie, tukilowa tutajianika.

Basi kaeni vizuri, maana ngano hii nikiisimulia mimi hata mbuzi huacha kutafuna. Wengine huisimulia vibaya, wanaruka mambo. Mimi siruki.

Hapo kale, kale ya juzijuzi, palikuwa na mji wa wanyama kando ya bwawa. Mkubwa wa mji alikuwa Kiboko. Kiboko alikuwa na tumbo. Kiboko alikuwa na mdomo. Na bwawa zima, Kiboko alisema ni lake. Mvua zilikuwa zimekata miezi saba, na wanyama walikunywa kwa kuibia, Kiboko akisinzia tu. Akikoroma khooo, wanakunywa. Akikohoa, wanakimbia.

Katika mji huo aliishi Nguchiro, kadude kadogo, mkia mrefu kuliko kimo, na watoto watano. Watoto wale ndimi zilikuwa zimekauka mpaka wakisema "mama" inatoka "kha-kha". Nguchiro aliwatazama, akajua kwamba wakikosa maji siku tatu nyingine, hatakuwa na wa kumwita mama.

Sasa sikia balaa. Kiboko alisikia kwamba miji ya mbali imekuwa miji janja. Taa zinajiwasha, njia zinahesabu wapitao, malango yanajua sura za watu. Moyo ukamruka. Akaagiza lango. Likaja, linang'aa, jicho moja juu na sauti tamu ndani, pamoja na uzio wa vyuma vinene. Kiboko mwenyewe akasimamia uzio, akaupiga kichwa mara kumi, du, du, du, mpaka akaridhika kwamba hauvunjiki.

Lango lile lilikuja na sharti moja kutoka huko lilikotengenezwa: humfungulia mwananchi. Aliyeandikwa ndani yake kuwa mwananchi, anaingia. Asiyeandikwa, anabaki nje. Kiboko akafurahi, akasema moyoni ataandikwa mmoja tu.

Akaenda kujiandika. Akaweka mguu kwenye vibonye. Mguu wa Kiboko mnaujua. Akibonyeza kimoja, vinabonyea tisa. Lango likasema kwaa. Akabonyeza tena, likasema kwaa. Ikabidi amwite mwenye vidole vyembamba, na vidole vyembamba kuliko vyote mjini vilikuwa vya Nguchiro.

Nguchiro akaja, akaamkia shikamoo. Kiboko hakuitikia, alimwambia tu kwamba akikosea herufi moja atakaliwa.

Sasa, lango lilikuwa linauliza jina peke yake. Jina, basi. Lakini Nguchiro alikunja uso kama karani, akasogea karibu na kioo, akasema, "Mheshimiwa, linauliza wewe ni wa wapi. Wa nchi, au wa maji?"

Kiboko akacheka mpaka masikio yakazunguka. "Wa nchi? Mimi, nikae kwenye vumbi na akina ngiri? Andika wa maji."

"Maji kiasi gani, mheshimiwa?"

"Yote."

"Na tope?"

"Na tope. Nimezaliwa majini, nalala majini, nitafia majini. Andika, we kijipanya."

Tip, tip, tip. Nguchiro akaandika. Kisha akauliza kwa unyenyekevu, mkia chini, wale wanyama wengine waandikwe wapi. Kiboko akasema hao wote waandikwe wa nchi, wabaki na nchi yao kavu wailambe. Tip, tip, tip. Nguchiro akamsomea tena yote, neno kwa neno, akamuuliza kama ana hakika, maana likishaandikwa halifutiki mpaka wananchi wenyewe wakubali. Kiboko akasema hakika anayo tele.

Siku ya uzinduzi ikafika. Jua lilikuwa kali, jua la kukaanga. Kiboko akatoka bwawani kukata utepe, lango likajifunga nyuma yake, tii. Wanyama wote wakaitwa, si wanywe, waje waone wanavyonyimwa. Kiboko akahutubia kwa muda mrefu. Akasema huu sasa ni mji janja. Akasema lango hili halina ndugu, halina rafiki, likisema hapana ni hapana, hata yeye mwenyewe hawezi kulibishia. Wakapiga makofi, maana waliogopa kutopiga.

Akaamuru waanze wao.

Akaja Kobe. Jicho likamtazama. Tiiit. "Mwananchi, karibu." Lango likafunguka. Kobe akaingia.

Akaja Ngiri. Tiiit. "Mwananchi, karibu." Ngiri akaingia.

Akaja Nguchiro na watoto wake watano. Tiiit, tiiit, tiiit, tiiit, tiiit, tiiit. Wakaingia, wakaanguka majini kifudifudi, gubu gubu gubu, na yule mdogo kabisa akainua kichwa akasema "mama", ikatoka mama kamili.

Kiboko akaona mambo si mambo. Akawasukuma waliobaki, akasimama mbele ya jicho.

Kwaa.

"Samahani, mwanamaji," lango likasema kwa sauti yake tamu. "Hapa ni kwa wananchi."

Akapiga kichwa uzio, du. Uzio ukakaa. Du tena. Uzio wake mwenyewe, imara kama alivyoutaka. Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka, kata, kata, kama tope la kiangazi, naye akamwita Nguchiro afute haraka.

Nguchiro akaja upande wa ndani, masharubu yanachuruzika. "Mheshimiwa, si uliliambia taifa kwamba halibishiwi? Mimi nani nilibishie?"

"Niandike mwananchi," akasema Kiboko, sasa kwa sauti ndogo.

"Mpaka wananchi wakubali."

Wananchi wakakaa. Walikaa bila haraka, wakinywa katikati ya mazungumzo. Kiboko akaomba aandikwe mwananchi maalumu. Wakakataa. Akaomba awe mwananchi mkuu. Wakakataa. Ngozi ikapasuka tena, kata, naye akakubali aandikwe mwananchi tu, na bwawa liwe la kila aliyeandikwa. Nguchiro akaandika. Lakini Ngiri akakumbusha kwamba kuna foleni, na Kobe alikuwa ametoka kunyoosha miguu, ndiye anayefuata kuingia.

Kiboko akasimama nyuma ya Kobe. Kobe akainua mguu. Akaushusha. Akainua mwingine. Jua likamsubiri Kobe, Kiboko akamsubiri Kobe, na ilipofika zamu yake jicho likamtazama kama lilivyomtazama Kobe.

Tiiit. "Mwananchi, karibu."

"Asante," akasema Kiboko. Wanasema ndiyo ilikuwa asante yake ya kwanza, na ilimkwaruza koo.

Basi funzo ni hili, lishikeni sana: mkubwa wenu asiwe mvivu, ajaze fomu zake kwa mguu wake mwenyewe. Na nyie wadogo, msiguse vibonye, mtaharibu mji.

Ngano nimeitua chini. Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia aiache ilowe.