Kibonge na Wapishi wa Tumboni

Paukwa!

Pakawa!

Vitabu?

Vimefungwa!

Masikio?

Yako wazi!

Haya, Bhoke, umesema vimefungwa, na hicho cha mapajani nakiona. Najua mtihani wa bayolojia ni kesho. Pukuchueni mahindi mnisikilize. Hadithi hii nilipewa na bibi yangu Nyangi, kwenye ua huu huu, mikono yetu ikiwa kwenye mahindi namna hii. Ah, bibi yangu! Hakukaa darasani hata siku moja.

Hapo zamani za kale, zamani sana, palikuwa na mtoto wa tembo aitwaye Kibonge. Mama yake alikufa, na maziwa yakaishia hapo. Kibonge akabaki na bibi yake, mkuu wa kundi.

Kibonge akala majani. Akala, akala, akala. Tumbo likajaa, njaa ikabaki pale pale. Akala magome ya miti, njaa ikabaki pale pale. Mbavu zikaanza kuhesabika.

Bibi Tembo akamwita. "Mjukuu wangu, tumboni mwako hamna wapishi."

"Wapishi gani, bibi?"

"Vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyolainisha majani tukapata nguvu. Sisi tembo hatuzaliwi navyo. Kila mmoja wetu alivipata kwa mkubwa wake."

"Alivipataje?"

Bibi Tembo akanyanyua mkia. Pwaa! "Hivi hapa, vingali vya moto. Kula, mjukuu wangu."

Mnacheka! Hata sisi tulicheka mpaka mahindi yakamwagika. Na bibi yangu hakusema kinyesi, jamani. Kinyesi mtaandika kesho. Yeye alisema mavi, tena kwa sauti.

Basi Kibonge akainama, akafungua mdomo. Mara Sungura akachomoza kichakani, akaanza kuimba:

"Mla mavi, mla mavi, tumekuona!
Mla mavi, mla mavi, tumekuona!"

Pundamilia akacheka. Ngiri akacheka akashika mbavu. Kibonge akaona haya, akafunga mdomo, akaondoka.

Bibi Tembo akamfuata. "Mjukuu wangu, lambo linakauka. Kesho kutwa asubuhi tunahamia mtoni, na mwendo ni mrefu. Ukishindwa kutembea utabaki, na fisi wameshakuona."

Siku ya pili Kibonge akasubiri mpaka wanyama wote wamekwenda kunywa maji. Akatazama huku na huku. Akainama, akafungua mdomo. Sungura huyo!

"Mla mavi, mla mavi, tumekuona!"

Wanyama wakaja mbio kutazama. Kibonge akafunga mdomo. "Bora nife," akasema, "kuliko kuimbwa hivi." Akaenda kujilaza nyuma ya kichaka, peke yake. Akamkumbuka mama yake na maziwa yake ya uvuguvugu, akalia.

Siku ya tatu, jua linachomoza, Kibonge akajaribu kusimama. Miguu ikakataa. Akiwa amelala pale akasikia mchakacho upande wa pili wa kichaka. Akachungulia.

Sungura! Sungura akatazama kulia. Sungura akatazama kushoto. Kisha akainamisha kichwa katikati ya miguu yake mwenyewe, akadaka kidonge chake laini kikitoka tu, akameza. Akadaka cha pili, akameza. Akadaka cha tatu.

"Sungura!" akaita Kibonge.

Sungura nusura apaliwe. "Shikamoo, Kibonge!"

Mtu mzima anamwamkia mtoto, hebu fikirieni.

"Ndugu yangu, usinitangaze," Sungura akasema. "Majani ni magumu. Tumbo langu haliyamalizi kwa safari moja. Nisipoyala mara ya pili, nakufa na njaa."

"Na ule wimbo ulikuwa wa nini?"

Sungura akatazama chini. "Ili watu wakutazame wewe, wasinitazame mimi."

Kibonge akapandwa na hasira, na hasira ile ikamsimamisha. Akajikokota mpaka kundini. Kundi lilikuwa limekwisha jipanga, Bibi Tembo tu ndiye aliyekuwa bado amegeuka nyuma, anatazama vichaka.

"Bibi, nipe wapishi wangu."

Pwaa! Kibonge akala mbele ya Pundamilia, mbele ya Ngiri, mbele ya wote. Wanyama wakangoja wimbo. Kimya. Kibonge hakumtangaza Sungura, alimtazama tu, na Sungura akatoweka. Mpaka leo anakula vile vidonge vyake kwa kujificha.

Kibonge hakupona papo hapo. Bibi Tembo alimsukuma kwa mkonga siku nzima ya kwanza. Lakini wale wapishi wakazaana, majani yakaanza kugeuka nguvu, na mto ulipoonekana Kibonge alikuwa anatembea mwenyewe.

Sasa niwaambie jambo ambalo bibi yangu hakuliweka ndani ya hadithi. Nilipoingia sekondari nilikuja nyumbani na wenzangu, na bibi akaanza: Paukwa! Nikamkatiza. Nikamwambia, "Bibi, acha hiyo ya mavi, unaniaibisha." Akaendelea kupukuchua. Hakuisimulia tena.

Mwaka wa mtihani wangu alikuwa ameshazikwa. Nikafika kwenye swali: eleza namna mnyama mla majani anavyopata bakteria wa kumeng'enya selulosi. Nikasikia Pwaa! Nikacheka peke yangu, msimamizi akanikazia macho. Kisha nikalia. Niliandika kurasa mbili, na kila neno lilikuwa lake.

Basi mafunzo ndiyo hayo, wanangu: usione haya kupokea kinachokupa uhai kutoka kwa wakubwa wako, na anayekucheka sana, huenda anaficha chake. Mimi nilichelewa kulijua hilo, na bibi yangu sitampata tena.

Hadithi yangu imefika mtoni, imekunywa maji, imelala. Bhoke, sasa fungua kitabu.