Kumbatio la Lugeye Kwenye Soko la Magadi

Zamani, kabla lugha hazijanyimana maneno, watu wa ziwani, wa milimani na wa nyikani walikuwa na neno moja tu la kukumbatia. Neno lenyewe limekufa, msiniulize. Maana yake ilikuwa: sina kinyongo nawe. Kwenye soko la magadi kila kabila lilikuja na lugha yake ya kununulia na ya kutukania, lakini neno hilo lilikuwa la wote.

Na palikuwa na ada. Aliyekosa akimkumbatia aliyekosewa mbele ya watu, kesi imekwisha. Aliyekumbatiwa hana ruhusa ya kulitaja kosa lile mpaka anaingia kaburini. Ada nzuri, eti? Wazee waliisifu sana. Ila tazameni ni nani waliokuwa wepesi wa kukumbatia. Aliyechukua mbuzi wa mjane alikumbatia. Aliyemng'oa mkewe meno alikumbatia. Wanawake wakarudi nyumbani na jasho la watu hao kwenye nguo, midomo imefungwa.

Nyamizi, mchemsha magadi, alikuwa na dada mmoja, Holo. Holo aliolewa na Lugeye, mpwa wa mtemi, na mavuno ya pili hakuyaona. Aliuawa kwa kipigo, waliomwosha walijua. Nyamizi alitaka kitu kimoja tu: kifo hicho kitajwe barazani, na Lugeye akijibie.

Siku ya soko Lugeye akaja mikono wazi, kajipaka mafuta. Alianza na mama yao Holo na Nyamizi. Mama alikumbatiwa kama gogo, mikono yake ikining'inia, na watu wakapiga vigelegele.

"Bado shemeji yangu," Lugeye akacheka. "Njoo, shemeji, yaishe."

Nyamizi akakunja mikono kifuani. "Yaishe yapi, shemeji? Taja kwanza."

"Ulimi wa upupu huu!" mzee mmoja akaguna. "Nani atamwoa?"

"Dada yangu alikuwa mpole, babu, na aliolewa. Yuko wapi?"

Mtemi akainua usinga wake, akamwambia mpwawe, "Mkumbatie. Ada haingoji ridhaa."

Lugeye akamzungushia mikono, akabana. Nyamizi hakufungua yake. Lugeye akamwinua juu, miguu ikirusha mateke, akabana tena, mpaka mbavu zikalia kama kuni kavu. Alipomwachia, mama ndiye aliyekwenda kumpakata pale mavumbini, akimpepea kwa upande wa kanga. Nyamizi hakuwa na pumzi ya kusema neno.

"Basi, yamekwisha," akasema mtemi, na watu wakarudi kupima magadi.

Lakini wageni walikuwa wameona, kila kundi kwa upande wake. Watu wa ziwani, waliosimama nyuma ya Lugeye, waliona mikono ikifungana. Walipofika kwao, neno lao la kukumbatia likawa la kunasa, kama wavu unavyonasa. Watu wa milimani waliona mtu akinyanyuliwa; kwao likawa la kubeba mzigo. Ni wanawake wa nyikani tu, waliochelewa kufika, waliomwona mama. Kwao likawa la kumweka mtoto mapajani. Lile la zamani hakuna aliyelitia kinywani tena.

Na Lugeye? Mnangoja radi impige. Haikumpiga. Alioa tena kabla ya mvua, akazeeka akiheshimiwa. Nyamizi mbavu zake ziliunga vibaya, na kila alipopanda kilima alisimama njiani kutafuta pumzi.

Na tangu siku hiyo, ukimkumbatia mtu wa lugha nyingine hujui amepokea nini: umempakata, umemnasa, au umemfanya mzigo. Na tangu siku hiyo wanawake wa magadini, mwanamume akiwajia na mikono wazi katikati ya ugomvi, hukunja yao kifuani wakamwambia ataje kwanza. Wengi hawataji. Hugeuka wakaenda zao, wakinung'unika kwamba wanawake wa siku hizi hawana upendo.