Chakula cha Msiba wa Kambare

Hapo zamani za kale, watoto, na sogeeni kabisa maana hadithi ya leo haichekeshi sana, palikuwa na birika kubwa la mawe uani kwa mtu. Ndani yake walikaa samaki, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake, jiko lake na maneno yake.

Mkubwa wao alikuwa Bwana Sangara, mdomo wazi kama mlango uliosahauliwa. Jirani yake alikuwa Mama Perege, mwenye tumbo na sauti. Chini kabisa, nyuma ya jiwe, alikaa Kambare, kijana mwenye sharubu ndefu na haya nyingi. Na kwenye majani ya pembeni alikaa mjane mmoja mdogo sana, Bi Uduvi.

Kila asubuhi mwenye nyumba alimwaga pumba. Chubwi! Wakubwa wakaja mbio.

"Kambare, karibu chakula!" aliita Bwana Sangara, mdomo umeshajaa.

"Asanteni, nimeshiba," alijibu Kambare nyuma ya jiwe.

"Haya, kashiba," alisema Mama Perege, akala na fungu la Kambare.

Basi ikawa hivyo kila siku. Kambare hakuwa ameshiba hata kidogo. Aliona haya kula mbele za watu, na alingoja abembelezwe, aitwe mara ya pili. Mara ya pili haikuja.

Bi Uduvi alijua. Marehemu mumewe naye alikuwa hivyo hivyo, nimeshiba, nimeshiba, hadi alipokutwa amelala ubavu chini ya jani. Siku ya msiba wake wakubwa walileta chakula tele, wakakila chote wenyewe. Jambo hilo lilikuwa bado linamuuma.

Asubuhi moja alipita nyuma ya jiwe, akamkuta Kambare amebaki kichwa na sharubu.

"Mwanangu, leo unakufa," alisema.

"Sijambo, shangazi. Nime..."

"Usiniambie umeshiba! Nimesema leo unakufa. Lala ubavu, fumba mdomo, mengine niachie mimi."

Kambare akalala. Hakuwa na haja ya kujifanya sana.

"Uwiii! Uwiii! Jamani, njooni! Kambare ametutoka!"

Mama Perege alitupa mwiko akaja. Bwana Sangara akaja. Walipomwona kijana amelala vile, wakaangua kilio.

"Maskini, mpole wa watu! Hakuwa na neno na mtu!" alilia Mama Perege.

"Na nilijua ana njaa," alisema Bwana Sangara. "Nilijua, nikala."

"Pumba ya leo iletwe hapa mlangoni kwake," alisema Bi Uduvi. "Na mila mnaijua. Chakula cha msiba wa kijana huliwa gizani, kando ya marehemu, watu wasitazamane machoni. Wala humuulizi aliye ubavuni kwako ni nani."

Hakuna aliyewahi kuisikia mila hiyo. Lakini nani angekubali kuonekana mshamba mbele ya majirani?

"Ndiyo, ndiyo," alisema Bwana Sangara. "Hata babu yangu alinifundisha."

Wakapiga mikia chini, pa! pa! pa! Tope likatibuka, giza tii.

Bi Uduvi akamnong'oneza Kambare sikioni: "Hakuna anayekuona. Kula."

"Nimeshiba, shangazi," alijibu, kwa mazoea tu.

"Maiti gani huyu mwenye haya? Kula!"

Zile sharubu zikapapasa, zikaipata pumba. Kambare akala kidogo. Kisha akala kweli, ubavu kwa ubavu na Bwana Sangara.

"Lo! Nani huyu ana sharubu?" alishtuka Mama Perege.

"Msibani hatuulizi, mama. Kula," alisema Bi Uduvi.

Polepole tope likatulia. Wakatazama, kumbe marehemu yuko katikati yao, mashavu yamejaa!

"Yalaaa! Maiti anakula!" Mama Perege akakimbilia nyuma ya mkia wa Bwana Sangara.

Bwana Sangara alivimba kwa hasira. "Bi Uduvi! Yaani tumelia bure?"

"Bure?" alisema Bi Uduvi. "Mume wangu mlimlilia hivi hivi, kwa maneno haya haya. Na chakula kilikuwa kingi hivi hivi. Yeye hakuamka akala."

Bwana Sangara akaufunga ule mdomo.

Kesho yake, chubwi! Pumba ikaanguka.

"Kambare, karibu chakula!"

"Asanteni, nimeshiba."

Hakuna aliyeigusa. Wakangoja.

"Njoo, mwanangu," aliita Bwana Sangara mara ya pili. "Hatuli bila wewe."

Kambare akatoka, kichwa chini, akakaa kati yao, akala.

Bi Uduvi hakukaa nao. Alichukua pumba kidogo, akaenda kuiweka chini ya lile jani, akakaa hapo peke yake.

Nami namwacha hapo hapo alipokaa. Nyinyi mlionisikiliza shikeni hili: mbembeleze mwenzako ale angali hai, maana cha msiba wake utakila wewe.