Firigisi ya Bi. Zamda

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana mguu wenyewe ulikuwa wa plastiki, aliishi Bi. Zamda, mpika vitumbua aliyekatwa mguu mmoja. Binti yake alikuwa anaolewa, na kwao mama asipocheza peku juu ya mkeka, harusi haijanoga. Bi. Zamda akaweka nadhiri: "Atakayenichezesha, firigisi ya jogoo ni yake. Nayo haikatwi!"

Akaenda chuo cha viungo bandia. Fundi Lusekelo akampima, akamtengenezea mguu. Mwalimu Sechelela wa mazoezi akamfundisha kutembea. Hatua moja, hatua mbili, hatua mia. Bi. Zamda akarudi nyumbani akitamba. Akavua viatu, akakanyaga mkeka, puu! Chali. Akainuka, puu! Chali tena.

Akapiga simu chuoni. "Mguu gani huu unaoogopa mkeka?"

Akaja mkuu wa chuo mwenyewe, Profesa Nambua. Hakubeba hata nyundo. Alikaa mkekani, akala vitumbua vinne, kisha akauliza, "Dada, humu ndani mnaingia na viatu?"

"Na viatu? Kwani hapa sokoni?"

Profesa akacheka mpaka akapaliwa. Kumbe chuoni mguu ulipimwa ukiwa ndani ya kiatu chenye kisigino. Kiatu kikivuliwa, kisigino kinashuka, mguu unamrudisha mtu nyuma!

Lusekelo akaurekebisha. Sechelela akamfundisha upya, peku. Siku ya harusi Bi. Zamda alicheza hadi mkeka ukachanika.

Jogoo akaletwa.

"Mguu nimeutengeneza mimi," akasema Lusekelo. "Bila mguu angechezea nini?"

"Mguu bila mazoezi ni gogo," akasema Sechelela. "Nani alimshika kila alipoyumba?"

"Wanangu, nyote nimewafundisha mimi," akasema Profesa. "Na swali nimeuliza mimi."

"Aa, Mama Mkuu!" akadakia Lusekelo. "Ujuzi wetu ukiwa wako, na kosa letu ni lako. Nani alitufundisha kupima na kiatu?"

Profesa akainamisha kichwa. "Ni mimi. Miaka ishirini nimefundisha hivyo. Kuanzia Jumatatu, mwanafunzi hatengenezi mguu kabla hajakaa kwenye mkeka wa mwenye mguu."

Bi. Zamda kashika sahani. Firigisi inapoa, paka anasogea. Haya, mliokaa mbele, na wewe unayesinzia huko nyuma: ampe nani?