Tasbihi Iliyonyamaza

Wamesimulia wazee wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa pwani, zama ambazo nyumba za mawe zilijengwa zikigawana kuta, palikuwa na mwanamke mcha Mungu akiitwa Bi Mwanakheri. Alifiwa na mumewe akiwa bado na nguvu zake, na eda ilipokwisha hakutaka kuolewa tena. Akashika ibada.

Wanaotaja habari zake husema kwamba alianza kuitiisha nafsi yake kwa tumbo. Alipenda mno samli, naye akaiacha, mpaka akawa anapita penye harufu yake na moyo usigeuke. Kisha akayashika macho, akawa hachungulii dirishani hata harusi zikipita na ngoma zake. Kisha ulimi, na huo ndio uliomchosha kuliko vyote, kwa kuwa alizaliwa na maneno makali yanayochekesha watu. Wanawake wa mtaa waliuona utulivu wake, wakampenda, wakawa wanakuja kusoma kwake kila Alhamisi baada ya alasiri.

Lakini utulivu waliouona wao, yeye mwenyewe hakuwa nao. Ulikuwepo mlango mmoja ambao hakuufunga.

Katika chumba chake cha ndani palikuwa na kidaka, kile kishubaka cha ukutani, alimoweka msahafu wake. Mahali hapo ukuta ulikuwa mwembamba, na nyuma yake ndipo walipokaa jirani zake, Bi Kursumu na mkamwana wake Batuli. Bi Mwanakheri alitandika mswala chini ya kidaka hicho, akivuta uradi kwa tasbihi ya shanga nzito. Waliotupokeza kisa hiki hawakuafikiana kama shanga hizo zilikuwa za mbao au za mfupa. Wote wameafikiana kwamba zilikuwa na mlio.

Siku moja, akiwa katikati ya uradi, alisikia jina lake likitajwa upande wa pili.

"Mtaa huu una baraka kwa sababu ya Bi Mwanakheri," alisema Bi Kursumu.

"Mimi nikimwona tu, hasira zote hunitoka," akajibu Batuli.

Vidole vya Bi Mwanakheri vikasimama juu ya ushanga. Akasikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akasikiliza tena, na siku iliyofuata, na mara chache sana aliondoka bila kupata sifa yake. Siku aliyoikosa, chakula hakikumpita kooni. Aliyeshinda njaa ya tumbo alikuwa sasa na njaa ya sikio. Alijiambia kwamba haendi kusikiliza, anakwenda kumtaja Mola wake, lakini alijua vyema ni kitu gani kilichomwahisha mswalani. Miaka ikapita hivyo.

Ikatokea Alhamisi moja wanawake wakamwomba awasomeshe namna mja anavyolinda viungo vyake. Akawaeleza habari za tumbo, akawaeleza ya macho na ya ulimi, nao wakamsikiliza kwa adabu. Alipofika kwenye sikio, aliinua macho. Bi Kursumu alikuwa ameketi mbele yake.

"Hili tutalisoma wiki ijayo," akasema, akafunga kitabu.

Siku zile hakupata raha. Alijua kwamba haki ya Mungu hutubiwa kwa Mungu, lakini haki ya jirani iko mkononi mwa jirani. Akisema, huenda akampoteza Bi Kursumu, na darasa, na jina jema alilokuwa nalo mjini. Akinyamaza, atakaa mbele za watu akiwafundisha asichokitenda. Asubuhi ya Alhamisi iliyofuata alijifunika buibui, akaenda.

Walimpokea kwa kahawa. Hakuigusa.

"Bi Kursumu, nimekuja kuomba radhi. Maneno ya nyumba yako nimekuwa nikiyasikiliza kwenye kidaka changu. Si mara moja wala mbili. Ni miaka."

Bi Kursumu hakushtuka. Alimtazama mkamwana wake, na Batuli akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Dada yangu, tunajua."

"Mnajua?"

"Tasbihi yako tunaisikia kama wewe unavyotusikia. Ta, ta, ta. Ikinyamaza, tunajua umetega sikio. Basi huyu mtundu huninong'oneza, 'Mama, tasbihi imenyamaza, haya msifu bibi wa watu.'"

Bi Mwanakheri aliinama. Sifa zote alizoziokota miaka ile alikuwa akimwagiwa kama kuku anavyomwagiwa mtama. Swali moja likampanda mpaka ulimini: yale waliyoyasema, je, yalikuwa ya kweli? Batuli aliliona usoni mwake.

"Lakini, bibi, hata hivyo sisi..."

"Usiniambie, mwanangu," akamkatiza kwa upole, akalimeza swali lake. Kisha akauliza jingine. "Na mambo yenu wenyewe, mlikuwa mkiyasemea wapi?"

Kicheko kikatoweka machoni mwa Batuli. "Juu, jikoni, kwenye moshi. Hata mimba yangu ilipoharibika, nilikwenda kulia huko."

Hapo ndipo Bi Mwanakheri alipolia. Alikuwa amedhani ameiba maneno, kumbe alikuwa amewatoa watu katika chumba chao.

"Niwieni radhi."

"Tumekuwia radhi," akasema Bi Kursumu. "Tutampata fundi, azibe ukuta kwa chokaa."

"Ukizibwa ukuta, sikio langu litabaki na njaa yake. Acha nihame mimi na mswala wangu."

Alasiri ile aliwasomesha wanawake habari za sikio, na hakuwaficha alilolifanya. Wako walioacha kuja. Mswala wake akauhamishia chumba cha mbele, upande wa kisima, lakini msahafu akauacha palepale kidakani, ili kila siku apite hapo na kila siku ajizuie. Mwanzoni miguu yake ilikuwa mizito kuondoka. Akaivumilia nafsi yake, wala hakuiharakisha.

Mpaka alasiri moja, alipoingia kuchukua msahafu huku akivuta uradi, alisikia Batuli akicheka nyuma ya ukuta, akicheka mpaka akakohoa. Lilikuwa jambo la kuchekesha sana, bila shaka. Bi Mwanakheri aliuchukua msahafu, akatoka, asijue lilikuwa jambo gani. Kicheko hakikukatika, wala tasbihi haikunyamaza.

Wanasema tangu siku hiyo alikula akashiba na kulala akapumzika. Nasi, ndugu zangu, kila mmoja wetu anakijua kidaka chake, hata kama watu hawajakijua. Tumwombe Mola atujaalie kupita hapo tukiwa na shughuli iliyo bora zaidi, na jirani zetu wacheke kwa amani katika nyumba zao.