Jirani wa Ukuta

Hapo zamani, enzi ambazo sultani akipiga chafya mji mzima humwombea afya, palikuwa na mji uitwao Manzaro, na sultani wake akiitwa Darweshi. Kisima kilikuwa chake, msitu wa kuni wake, na mafuta ya taa yakitoka ghalani mwake. Hewa tu ndiyo iliyobaki ya watu wote, na nadhani ni kwa kuwa hakupata gunia la kuitilia.

Basi mgeni akihamia Manzaro, hapana ajuaye kwa mwezi atatumia maji kiasi gani, wala kuni, wala mafuta. Hata mgeni mwenyewe hajui. Sultani akatoa amri, "Mgeni atalipa alipavyo jirani wake wa ukuta." Amri yenyewe si mbaya, hata mimi ningeipokea. Lakini karani wa mji, Shali, akawa anawapangisha wageni wote mtaa wa wapika halua, ambako meko hayazimwi tangu alfajiri hata magharibi. Mgeni akipika uji wake mmoja, hulipia kuni za masufuria manane. Asiyeweza hutolewa nje ya lango, na vyombo vyake vikabaki ndani.

Ikawa siku moja akaja Ngwali, fukara asiye na lolote ila ulimi, pamoja na mkewe Mwanahawa, mja mzito wa miezi saba. Huko shamba walikotoka walikwisha kuzika watoto wawili kwa kukosa mkunga, na mkunga wa Manzaro alisifika pwani nzima. Hicho ndicho kilichowaleta, na kutolewa langoni wao walikuogopa kuliko njaa.

Shali akawaonyesha chumba, ukuta mmoja na mpika halua, akawatajia mizigo arobaini ya kuni kwa mwezi. Ngwali akaenda barazani, akabusu mkono wa Sultani, akasema, "Maulana, Mungu akuzidishie umri. Mimi na mke wangu twapika chungu kimoja kutwa. Mizigo arobaini tutaichomea nini?"

Sultani akajibu, "Amri haichungulii chungu cha mtu. Jirani ndiye kipimo. Kama huyu humtaki, katafute mwingine."

"Popote, Maulana?"

"Popote penye ukuta."

Ngwali akashukuru mno, hata watu wakadhani kapewa ng'ombe. Akaomba miti huku, akaomba makuti kule, na kabla jua halijatua akawa amesimamisha banda, limeegemea ukuta wa jumba la Sultani, upande wa jikoni. Mwanahawa akashika kiuno.

"Mume wangu, umerukwa na akili? Tumekimbia kuni za halua, sasa unatutwika kuni za pilau ya watu mia! Huyu nitamzalia njiani?"

Akalia kwa uchungu. Ngwali naye hakuwa na hakika ya lolote, akamwambia tu, "Stahimili mwezi mmoja, mke wangu."

Sultani alipopata habari alicheka mpaka kilemba kikamfunguka. "Mwacheni," akasema. "Kajitia kitanzi mwenyewe."

Mwezi ukaandama, baraza likajaa pomoni. Shali akafungua daftari, akasoma huku akitabasamu: maji mitungi elfu, kuni mizigo mia sita, mafuta mapipa mawili. "Haya, Ngwali. Jirani yako ndiye huyu."

"Hewala," akasema Ngwali. "Amri ya Maulana yasema nilipe alipavyo jirani. Nisomee basi, Bwana Karani, amelipa ngapi?"

Shali akafunua jani, akalamba kidole, akafunua jingine. "Hapa hapakuandikwa kitu."

"Na mwezi uliopita?"

Shali akafunua nyuma zaidi, kote kweupe. Wapika halua waliosimama nyuma wakaanza kutazamana, na mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

Sultani hakuwa mjinga. Akasema, "Andika kwamba leo nalipa. Nikilipa mimi, naye atalipa sawasawa."

Mwanahawa akamshika mumewe kanzu. Ngwali akainama. "Vyema, Maulana. Basi tuanze na deni la miaka yako kumi na saba ya utawala, mwezi baada ya mwezi, kwa zamu. Tukiufikia mwezi huu, utanikuta nimesimama papa hapa."

Sultani akamtazama mweka hazina, mweka hazina akatazama mkeka. Ndipo Sultani alipoanza kucheka, kwanza kwa aibu, kisha kwa kweli. Akaamuru kwamba tangu siku ile mgeni aachwe mwezi mmoja aishi, zihesabiwe mitungi na mizigo iliyoingia mlangoni kwake mwenyewe, ndipo alipe. Shali akahamishiwa mtaa wa halua, alipe kwa amri ya zamani. Na Ngwali akapewa nyumba.

Ngwali akabusu mkono, lakini hakuondoka.

"Wangoja nini tena?" akauliza Sultani.

"Amri imebadilika leo, Maulana, na ya kesho siijui. Jirani wa nyumba hiyo ni nani?"

"Mkunga," akasema Sultani.

Mwanahawa akatangulia kutoka, wala hakumngoja mumewe amalize kushukuru.